Usichague Karatasi, Chagua Maungio: Maoni Yangu Kuhusu Paa la Zege

Mara nyingi hapa tunaongea habari za mbegu, mbolea, chanjo za kuku na hifadhi ya nafaka. Leo nakuomba tupande ngazi, twende juu ya paa. Sijaacha kilimo. Ni kwamba katika ziara zangu nakuta wakulima na wafugaji wengi wamejenga ghala, chumba cha vifaranga au chumba cha maziwa, na juu wamemwaga zege badala ya kuezeka mabati. Sababu zao ni za msingi: mwizi hapiti juu, tanki la maji linapata pa kukaa, mahindi yanapata pa kuanikwa, na Mungu akijalia kesho unapandisha ghorofa. Tatizo linaanza mvua ya kwanza ya masika.

Swali ninaloulizwa ni lile lile: "Bwana shamba, nizuie maji kwa kitu gani? Lami, mpira, plastiki au ile ya kupaka?" Nitalijibu, na nitasema wazi ninachokichagua mimi. Lakini nitangulize msimamo wangu ili usidhani nazunguka. Paa la zege ni nadra kuvuja katikati ya karatasi. Huvuja kwenye maungio, kwenye kona, kwenye shingo ya bomba, na pale maji yanapolala. Kwa hiyo usichague karatasi. Chagua maungio, kisha chagua mtu wa kuyaunganisha.

HASARA ILIYONIFUNDISHA

Nina ghala dogo nyumbani, mita 6 kwa mita 4. Nilipofika hatua ya kuzuia maji nilifanya wanavyofanya wengi. Nilikwenda dukani nikauliza bei, nikachukua karatasi ya lami yenye unene wa milimita 4, nikatafuta fundi wa bei nafuu. Fundi akanishika bega: "Bwana shamba, hii ni nzito, wajukuu zako wataikuta." Nikafurahi. Mwashi aliyejenga kuta alinishauri tuweke kwanza tabaka la mchanga na saruji la kutengeneza mteremko, lile mafundi wanaita skridi. Nikakataa. Nilihesabu mifuko ya saruji nikaona naonewa. Nilimwambia, "Karatasi si ndiyo inayozuia maji? Mteremko wa nini tena?" Hilo lilikuwa kosa langu, si la fundi.

Zege lilikuwa na wiki mbili tu. Tulikuwa tunakimbizana na masika. Mwezi haujaisha, karatasi ikatoa malengelenge makubwa kama maandazi, kwa sababu unyevu uliobaki kwenye zege uligeuka mvuke jua lilipowaka, ukakosa pa kutokea. Kwenye kona moja maji yalilala siku tatu kila mvua ikinyesha. Kwenye ukuta wa ukingo, karatasi ilikuwa imepandishwa sentimita 5 tu na kuachwa hivyo, haikuzibwa juu. Maji yakapita nyuma yake.

Ndani sikuona kitu, maana magunia yalikuwa yamepangwa hadi ukutani. Nilipokuja kuyahamisha mwezi wa sita, magunia 11 yalikuwa yamelowa mgongoni na kushika ukungu. Mimi ndiye ninayezunguka vijijini nikifundisha kwamba mahindi yahifadhiwe yakiwa na unyevu usiozidi asilimia 13.5. Mimi ndiye ninayekataza watu kula au kulisha kuku mahindi yenye ukungu, kwa ajili ya sumukuvu. Sikuwa na namna. Tulichimba shimo, tukayafukia magunia 11 huku watoto wakitazama. Ada ya muhula ule nilikopa.

Kosa la pili nililifanya nikiwa na hasira. Nilikuwa na kipande kikubwa cha karatasi la bwawa, lile jeusi gumu la HDPE, kilichobaki tulipochimba bwawa la samaki. Nikalitandika juu ya ile lami, nikaweka matofali pembeni. Mchana lilitanuka na kujikunja mawimbi, usiku likajivuta. Kwenye shingo ya bomba halikukubali kukunjwa. Upepo wa mwezi wa nane ukaliinua. Bwawani karatasi hilo hufanya kazi vizuri, kwa sababu maji yanalikandamiza na kulipoza, na udongo unalishika pembeni. Juu ya paa halina maji wala udongo wa kulishika. Kitu kizuri, mahali si pake.

WAZEE WA PWANI WALIJUA

Usidhani shida hii ni ya leo. Neno letu sakafu limetoka kwenye Kiarabu saqf, ambalo maana yake ni paa. Nyumba za mawe za Mji Mkongwe wa Zanzibar na za Lamu ziliezekwa kwa boriti za mikoko, juu yake mawe ya matumbawe na chokaa, kisha ikapigwapigwa mpaka ikakaza. Ilikuwa kazi ya ustadi mkubwa. Hata hivyo mvua za pwani zilisumbua, na nyumba nyingi za Mji Mkongwe baadaye zikawekewa mabati ya mteremko juu ya lile paa bapa. Lamu utakuta makuti yamesimamishwa juu.

Kwangu hilo ni funzo, wala si aibu. Kama huna mpango wa kupanda juu ya paa lako, huna tanki la kuweka, na huna ghorofa unayoitarajia karibuni, ushauri wangu wa kwanza ni huu: ezeka mabati. Utando wowote nitakaoutaja hapa chini ni kwa yule ambaye paa la zege analihitaji kweli.

AINA ZA UTANDO ZILIZOPO

Nitaziita tando, mafundi wengi wanasema membreni. Nitakueleza kila moja inaunganishwaje, maana hapo ndipo penye hukumu.

1. Karatasi ya lami. Huja kwa mizingo, kwa kawaida upana mita 1 na urefu mita 10, unene milimita 3 hadi 5. Ndani yake kuna kitambaa cha poliesta au nyuzi za kioo. Chukua yenye poliesta, inavumilia kuvutwa. Lami hiyo huchanganywa na plastiki iitwayo APP au mpira uitwao SBS. Ya APP inahimili joto na jua zaidi. Ya SBS inanyumbulika zaidi, hasa kwenye baridi. Kwa paa lililo wazi katika maeneo yetu ya joto, mimi hutafuta APP ambayo uso wake wa juu una chembechembe za mawe, kwa sababu chembe hizo huikinga lami na jua.

Maungio yake huyeyushwa kwa tochi ya gesi. Uzuri wake ni kwamba unaweza kuikagua kwa macho: lami iliyoyeyuka ikitokeza kidogo pembeni ya maungio, mfululizo bila kukatika, ujue imeshika. Ikikatika mahali, hapo hapajashika. Udhaifu wake ni jua, ambalo huikausha na kuipasua isipokingwa. Mizizi, ambayo hupenya. Na moto wenyewe wakati wa kazi.

2. Mpira wa EPDM. Ni wa familia ya ule mpira unaoziba milango ya magari. Unavutika, na jua haliuharibu kwa urahisi. Sifa yake kubwa ni kwamba huuzwa pia kwa vipande vipana sana, kiasi kwamba paa dogo laweza kufunikwa kwa kipande kimoja bila maungio katikati. Pale yanapohitajika, hufanywa kwa utepe na gundi maalumu, na hapo usafi ni kila kitu: vumbi kidogo tu, maungio yanaachia. Pia hauelewani na mafuta. Jenereta ya dizeli inayovuja isikae juu yake.

3. Plastiki ya PVC na ya TPO. Hizi huunganishwa kwa mashine ya hewa ya moto, na maungio yakifanywa vizuri vipande viwili vinakuwa kitu kimoja. Ukaguzi wake ni kupitisha ncha butu ya bisibisi kwenye ukingo wa maungio yakishapoa, ikiingia, hapajashika. Nyingi ni nyeupe, hivyo hurudisha jua na chumba cha chini kinapoa. Mwenye vifaranga anajua thamani ya hilo. Lakini PVC ina vilainishi ndani yake ambavyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda, na haitakiwi kugusana na lami. Ukitaka kuiweka juu ya paa lenye lami ya zamani, lazima kuwe na kitambaa cha kuzitenganisha. TPO haina vilainishi hivyo. Tatizo la zote mbili ni mashine na mkono uliofundishwa. Fundi wa kubahatisha akiunguza maungio, hasara ni yako.

4. Za kupaka. Hazina maungio kabisa, na kwa paa lenye mabomba mengi na kona nyingi hilo ni jambo kubwa. Lakini unene wake unategemea uaminifu wa mwenye brashi. Za akriliki hudhoofika maji yakilala juu yake. Za poliyurethani ni imara zaidi, hasa zikiwekwa pamoja na kitambaa cha kuimarisha. Zile za saruji iliyochanganywa na polima ni nzuri ndani ya matanki na chini ya vigae vya bafuni. Juani, kwenye zege linalotanuka na kusinyaa kila siku, nyingi hupasuka pamoja na zege lenyewe.

Ukichagua za kupaka, fanya hesabu kabla ya kazi. Soma kwenye ndoo lita moja inatosha mita ngapi za mraba, gawanya eneo la paa lako kwa hizo upate lita, zidisha kwa idadi ya mikono ya kupaka, kisha uone ni ndoo ngapi zinahitajika. Jioni hesabu ndoo tupu. Zikipungua, unene umepungua.

5. Karatasi la bwawa na turubai. Nimeshakusimulia yaliyonikuta. Usijaribu.

MIMI NACHAGUA NINI

Sasa maoni yangu. Ukisoma makaratasi ya watengenezaji, mpira wa EPDM na plastiki nzuri vinaonekana kuishinda lami. Sibishani na makaratasi. Ila mimi naliangalia paa kama ninavyoangalia mbegu. Mbegu bora ni ile inayofaa udongo wako, mvua yako, na ambayo mwakani utaipata tena dukani. Aina inayozaa sana kwenye shamba la majaribio lakini haina wakala wilayani kwenu itakuacha njiani.

Kwa hiyo kanuni yangu ina ngazi tatu.

Kwanza, kama paa lako ni dogo na unaweza kupata kipande kimoja cha EPDM kinachofunika paa lote pamoja na kupanda kwenye kuta, chukua hicho. Maungio bora kuliko yote ni yale ambayo hayapo.

Pili, kama kuna kampuni yenye mashine ya hewa ya moto, na imekupeleka ukaona paa lake lililopita masika angalau matatu, PVC au TPO ya milimita 1.5 yenye kitambaa ndani ni chaguo zuri, hasa juu ya chumba cha mifugo au cha maziwa.

Tatu, na hapa ndipo walipo wengi wetu, kama uko wilayani ambako ukitafuta mtu wa mashine unapewa namba ya mtu wa mkoa mwingine, weka lami tabaka mbili. La chini laini, la juu lenye chembe za mawe, na maungio ya juu yasiangukie juu ya maungio ya chini. Sisemi lami ndiyo bora duniani. Nasema siku itakapochanika, na siku hiyo itafika, utampata mtu mwenye tochi ya gesi kabla mvua inayofuata haijanyesha. Utando wa gharama ambao hakuna wa kuuziba ni mbaya kuliko wa kawaida ambao fundi wake yuko mtaa wa pili.

Najua wauzaji watasema, "Lakini hii yetu ina dhamana ya miaka 20." Omba karatasi ya dhamana uisome. Mara nyingi inadhamini karatasi yenyewe ilivyotoka kiwandani, siyo kazi ya fundi, wala maji yaliyoingia kwa sababu ya maungio mabaya. Tena nyingi zinadai utando uwekwe na mtu waliyemwidhinisha wao, na paa likaguliwe mara kwa mara. Ukikosa hayo, miaka 20 ni maandishi tu. Mimi ningependa fundi anayeniachia sehemu ya malipo yake mpaka masika ipite kuliko dhamana ya miaka 20.

KAMA UNATAKA MBOGA JUU, AU MAJI YA KUNYWA

Hapa nazungumza kama bwana shamba kabisa, kwa sababu nimeona watu mijini wakimwaga udongo juu ya slabu wapande mchicha.

Mzigo kwanza. Udongo uliolowa wenye kina cha sentimita 20 una uzito wa kilo 300 hadi 400 kwa kila mita ya mraba. Slabu nyingi za nyumba za kuishi husanifiwa zibebe mzigo wa matumizi wa kilo 150 hadi 200 hivi kwa mita ya mraba. Hesabu hiyo inatosha kukutisha. Usimwage udongo bila mhandisi aliyesajiliwa kukupa jibu kwa maandishi.

Pili, mizizi. Lami ya kawaida hupenywa na mizizi. Ndiyo maana kuna karatasi za lami zilizotengenezwa kuzuia mizizi, na baadhi yake zimechanganywa kiuagugu. Kimoja kinachojulikana ni mecoprop, ambacho huua magugu ya majani mapana. Katika miaka ya 1990 watafiti nchini Uswisi walikikuta kwenye maji ya mvua yaliyotiririka kutoka mapaa ya namna hiyo. Mchicha, nyanya na maharage yote ni majani mapana. Usinyweshee bustani maji yanayopita juu ya karatasi ambayo hujui imechanganywa na nini. Muulize muuzaji moja kwa moja: hii ina kizuia mizizi, na ni cha aina gani? Asipojua, iache.

Tatu, maji ya kunywa. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Ghala langu la mita za mraba 24 likipata mvua ya milimita 60 linapokea lita 1,440. Ni mengi, na yanatamanisha. Lakini mimi maji yanayotoka kwenye lami nayaelekeza kwenye migomba, na ya kunywa nayavuna kwenye bati. Kama huna bati na unategemea paa la zege, tafuta utando ambao mtengenezaji ameandika kwamba unafaa kwa maji ya kunywa, na bado uyachemshe au kuyatibu.

Ukitaka mboga juu, panda kwenye ndoo na viroba vilivyoinuliwa juu ya stendi, karibu na kuta zinazobeba slabu, ili utando uuone na uufikie wakati wowote. Stendi ziwe na miguu mipana, na chini ya kila mguu weka kipande cha ubao au mpira. Mguu mwembamba wa chuma hutoboa utando ndani ya wiki.

YA KUSIMAMIA WEWE MWENYEWE

Aina yoyote utakayochagua, mambo haya hayabadiliki. Yaandike kwenye karatasi, ukae nayo siku ya kazi.

Mteremko. Paa likishakamilika liwe na mteremko usiopungua sentimita 1.25 kwa kila mita kuelekea kwenye tundu la maji. Kwa kuwa mkono wa binadamu hukosea, panga sentimita 2.5 ili upate angalau hiyo. Ni bora mteremko ufanywe wakati wa kumwaga zege, kwa sababu kila sentimita moja ya skridi ni karibu kilo 20 kwa mita ya mraba.

Ukavu. Zege lipewe siku 28. Wakulima wangu wanajua kipimo cha chupa na chumvi: unatia mahindi na chumvi kavu kwenye chupa, unatikisa, chumvi ikiganda kwenye chupa mahindi hayajakauka. Zege nalo lina kipimo chake. Tandika kipande cha nailoni inayoonyesha, mita moja kwa mita moja, zibe kingo zote kwa gundi ya utepe, acha usiku kucha mpaka asubuhi. Ukikuta matone chini ya nailoni, ngoja. Ukiweka utando juu ya unyevu unapanda malengelenge.

Kona. Pale slabu inapokutana na ukuta, weka kiambaza kidogo cha pembetatu cha mchanga na saruji ili utando usikunjwe kwa pembe kali. Utando upande ukutani sentimita 15 au zaidi juu ya uso wa paa, na ukingo wake wa juu uingizwe kwenye mfereji uliochongwa ukutani au ubanwe kwa ukanda wa chuma, kisha uzibwe.

Maungio ya lami. Yapandane sentimita 10 ubavuni na sentimita 15 kwenye ncha. Kwa sababu hiyo mzingo wa mita za mraba 10 hufunika kama 8.8 tu. Ghala langu lina mita za mraba 24 za juu, na kama 5 za kupanda kwenye kuta, jumla 29. Hiyo ni mizingo 4 kwa tabaka, mizingo 8 kwa tabaka mbili. Fundi akikuambia mizingo 3 inatosha tabaka moja, muulize maungio ameyaweka wapi.

Matundu ya maji. Hata paa dogo liwe na mawili, na juu yake tundu la dharura kwenye ukuta wa ukingo. Jani moja la mwembe laweza kuziba tundu. Maji yakijaa sentimita 30 nyuma ya ukuta, umebebesha slabu kilo 300 kwa kila mita ya mraba.

Moto. Tochi ya gesi isikaribie mbao za kenchi, nyasi wala mapumba ya vifaranga. Ndoo ya mchanga na maji viwe juu pale pale, na mtu abaki akiangalia angalau saa moja baada ya tochi kuzimwa.

Jaribio la maji. Hili ndilo nakuomba usiliruke. Kabla ya kumlipa fundi malipo ya mwisho, ziba matundu, jaza maji yafunike paa lote, ila yasifikie ukingo wa juu wa utando, na kina chake pale penye bonde kisizidi sentimita 10. Kama slabu ni ya zamani, muulize mhandisi kwanza. Acha saa 24 hadi 48. Ingia chini na tochi ya mkononi, angalia kila kona.

NILIVYOMALIZA

Mara ya tatu nilisubiri kiangazi. Nilibandua kila kitu. Mhandisi wa halmashauri alikuja, akapima, akaniruhusu skridi ya mteremko wa sentimita 1.5 kwa mita. Sikupata kipande kimoja cha mpira cha ukubwa ule, kwa hiyo niliweka lami tabaka mbili kama nilivyoeleza. Nilimrudia yule yule fundi. Nilimwambia, "Fundi, mara hii tunajaza maji kabla sijakulipa." Akacheka, akakubali. Usiku wa kwanza tone likaonekana kwenye shingo ya bomba. Asubuhi alipanda na tochi yake, akaziba kwa muda usiozidi saa moja. Tukajaza tena. Masika matatu yamepita, mahindi yangu ni makavu.

Bado napanda juu mara mbili kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Naondoa majani, nasafisha matundu, natembeza kidole kwenye maungio. Kazi hiyo inanichukua muda mfupi kuliko kuchoma chai.

Ndugu msomaji, kama una paa la zege, nenda leo uone maji ya mvua iliyopita yalilala wapi. Utaliona doa lake, lina vumbi na ukingo wa rangi nyingine. Anzia hapo kabla ya kwenda dukani. Na kama magunia yako yamepangwa hadi ukutani, yavute kiasi mtu apite nyuma yake. Mimi ningefanya hivyo tu, ningeligundua tone la kwanza, na magunia 11 yasingeingia shimoni.

Tukutane makala ijayo, tutarudi kwenye kuku. Kazi njema.